Prizi ya mgeni: "Long Way Up" na ile Mexico yenye hatukuonyeshwa

Mwenzetu mmoja aliandika hapa akituomba sote tuangalie "Long Way Up", ju seri hiyo inaonyesha kama dunia iko na watu wazuri kuliko wabaya. Mukaweka mioyo mingi chini ya maandiko yake, na mimi pia niliweka wangu. Kisha nikaitafuta. Kijana mmoja wa Nyawera alinipakilia sehemu zote 11 kwenye flash, nikaziangalia kwa usiku ine, zile siku umeme ulikuwa unakubali kukaa. Leo ninarudi ju ya ule moyo. Ninataka kuondoa nusu yake, na ninaomba munivumilie ju maelezo ni marefu.

Kwa wenye hawajaiona: Ewan McGregor ni mwigizaji wa Uskoti, wengi wenu munamjua kwa Star Wars. Charley Boorman ni rafiki yake wa siku nyingi. Seri yao ya kwanza, ya 2004, inaonyesha safari ya pikipiki kutoka London mpaka New York kwa kupitia Ulaya na Asia. Mwaka 2007 wakashuka kutoka Uskoti mpaka Cape Town, na hapo walipita Uganda, Rwanda na Tanzania. Ile Rwanda yenye tunaiona ngambo ya Ruzizi kila asubuhi tukipiga mswaki, walikuwa ndani yake, na upande wetu hawakuvuka. Sisemi walikosea. "Long Way Up" ni safari ya tatu: mwaka 2019, kutoka Ushuaia, kule mwisho kabisa wa Argentina, mpaka Los Angeles. Maili kama 13,000, ni kusema zaidi ya kilometa 20,000. Apple iliitoa mwezi wa tisa 2020.

Mara hii walichagua pikipiki za umeme, Harley-Davidson LiveWire, zenye zilikuwa bado mpya kabisa, na nyuma yao magari ya Rivian, nayo ya umeme. Wengi walicheka wazo hilo. Mimi ninaona njo wazo zuri kuliko yote katika seri nzima, na pengine wao wenyewe hawakujua juu ya nini.

Angalia sehemu za kwanza, kule Patagonia. Baridi inakula batri. Barabara ni ndefu, upepo unasukuma, namba ya asilimia inashuka mbele ya macho. Wanafika kwa nyumba ya watu au kwa ka-hoteli kadogo, wanaingia na chaja mkononi kama sisi tunavyoingia kwa jirani mwenye jenereta, na wanaomba prizi. Na prizi si kama essence. Ukikosa essence barabarani, mtu anakuuzia chupa mbili, unamlipa, unaenda, hata jina lake huliulizi. Lakini batri inaomba saa nyingi. Saa hizo lazima uzikae kwa watu. Unakaa jikoni mwao, unakunywa chai yao, unajaribu Kispanyola chako kibovu, watoto wanakucheka. Hapo njo ukarimu unaonekana kwa kweli, ju ukarimu unaomba wakati, na hawa wawili, kwa mara ya kwanza katika safari zao, wamelazimishwa kuwa na wakati. McGregor na Boorman ni watu maarufu wenye kuwa na pesa. Ile namba ya asilimia inawageuza kuwa waombaji. Boorman alikuwa amevunjika vibaya katika ajali mbili kubwa za pikipiki miaka michache mbele, anapanda kwa kujikaza, na hilo pia linampa uso wa mtu mwenye anahitaji wenzake. Zile sehemu ningewaambia muziangalie hata mara mbili.

Basi, moyo wangu nusu ni wa Patagonia.

Shida ni kwamba seri inasema neno "ukarimu" kwa wepesi sana, na haijiulizi mtu aliyefungua mlango aliona nani pale inje. Aliona wanaume wawili weupe, kamera, watu wa kubeba sauti, magari nyuma. Ni nani hafungui? Hata mimi ningefungua, na ningepiga fagio ya haraka mbele. Sisemi wale watu wa Patagonia walikuwa wanaigiza, hapana, mtu wa mahali pa baridi anajua mgeni akiachwa inje anakufa. Ninasema tu kwamba seri haiwezi kututhibitishia kitu yenyewe inataka kuthibitisha. Ukitaka kupima kama watu ni wazuri na mgeni, huwezi kutuma mgeni mwenye anasindikizwa.

Linganisha na Ted Simon. Huyu ni Mwingereza, mwandishi wa gazeti, mwenye aliondoka London mwaka 1973 na Triumph ya 500cc, peke yake, akazunguka dunia kwa miaka ine, inchi 45. Alishuka Afrika kwa Kenya, Tanzania na Zambia mpaka kusini, akavuka bahari kwenda Brazil, akapanda Amerika yote mpaka Mexico na California, kisha Australia na Asia. Kitabu chake, "Jupiter's Travels", kilitoka 1979. Kule Brazil, wakati wa utawala wa kijeshi, polisi walimshuku wakamfunga. Ninakipenda kitabu hicho ju kinaweka mambo yote mawili kwenye meza moja: mgeni anapewa chakula kwa sababu ni mgeni, na mgeni anafungwa kwa sababu ni mgeni. Ni ugeni uleule. Hakuwa na gari nyuma ya kumtoa. Mtu huyo akikuambia watu ni wema, unamwamini, ju amelipa bei ya kujua.

Sasa tuje Mexico, njo pale penye niliondoa nusu ya moyo.

Kusini wanaendesha bado, na kuna raha. Lakini habari za usalama zinakuja: utekaji, vikundi vya madawa ya kulevya, barabara zenye haziko za kupita usiku. Wanaamua kununua basi kuukuu, yale ya wanafunzi ya Kimarekani, wanalipanga vizuri, pikipiki zinaingia ndani, na watu wanaingia ndani, na Mexico kubwa inapita kwenye dirisha. Seri inaigeuza kuwa mchezo wa vijana wakubwa wenye wamepata toy mpya. Unacheka, kweli. Kisha wanafika mpaka, pikipiki zinashuka, na tunaingia Marekani tukiwa tumesikia tena kwamba watu ni wema kote duniani.

Nisieleweke vibaya. Woga wao ulikuwa na sababu. Mwaka 2018, mwaka mmoja tu mbele yao, waendesha baiskeli wawili, Mjerumani na Mpolandi, walikutwa wamekufa kule Chiapas, chini ya barabara ya mlimani. Mwanzoni viongozi walisema ni ajali, kisha wakakubali ni mauaji. Wale wawili pia walikuwa wanasafiri wakiamini watu. Sisi wa Mashariki hatuna haki ya kumcheka mtu mwenye anaogopa barabara; tuko na barabara zetu zenye mtu anaaga familia mbele ya kupanda gari. Kama ningekuwa na watoto wananingojea na kampuni inanilipia basi, ningepanda basi.

Kosa langu na seri haliko kwa basi. Liko kwa hesabu yenye inafanyika kisha basi. Huwezi kuingia ndani ya chuma, kufunga madirisha, kupita, na kwa ngambo ingine ukatoa ushuhuda juu ya watu wenye hukuwapa hata nafasi ya kukupa maji. Kama mwanafunzi angeleta travail ya namna hiyo, profesa angemuuliza: echantillon yako iko wapi?

Na kulikuwa na watu. Mexico iko na kitu kinaitwa Ángeles Verdes, Malaika wa Kijani: ni kazi ya serikali, tangu mwaka 1960, magari ya kijani yenye yanazunguka barabara kubwa kutafuta wasafiri wenye wako na panne. Unapiga 078, fundi anakuja, kazi ya mikono yake hulipi. Unalipa vipande na mafuta. Mimi kitu hicho kinanigusa kuliko machozi ya mtu wa televisheni. Inchi ilikaa chini ikaamua kwamba ukarimu wa barabarani usiachwe kwa bahati, upewe mshahara na gari. Fikirini kidogo, sisi wenye tukiona uniforme mbele ya moto tunaanza kutafuta franka.

Tena kuna wanawake wa kijiji cha Guadalupe, wengi wanakiita La Patrona, kule Amatlán de los Reyes, jimbo la Veracruz. Reli inapita hapo. Juu ya mabehewa ya treni ya mizigo, yenye wanaiita La Bestia, yaani Mnyama, wanapanda wahamiaji kutoka Amerika ya Kati wakielekea kaskazini. Mwezi wa pili 1995, dada wawili wa familia ya Romero Vázquez walikuwa wanarudi kununua mkate na maziwa, treni ikapita, watu wa juu wakalia njaa, na wale dada wakarusha vyote, mkate na maziwa. Walirudi nyumbani mikono mitupu, wakiogopa mama atagomba. Mama, Leonila Vázquez, hakugomba. Wakaanza kupika. Wali na maharage ndani ya mifuko ya plastiki, tortilla, chupa za maji zenye zimefungwa mbili mbili na kamba ili mtu wa juu ya treni azinase kwa mkono. Ju treni haisimami. Wanasimama karibu ya chuma kinachokimbia, wananyoosha mkono, na sekunde mbili mambo yamekwisha. Hawataona uso ule tena. Mwaka 2013 Norma Romero alipokea zawadi ya taifa ya haki za binadamu kwa ajili ya kazi hiyo ya wote.

Kuna filamu juu yao, "Llévate mis amores", ya Arturo González Villaseñor, ya 2014. Itafuteni. Kwa mimi njo jibu la "Long Way Up", hata kama ilitoka mbele yake. Kamera inabaki chini, na wanawake, kwenye moshi wa jikoni. Msafiri ni mtu wa sekunde mbili, anapita. Mwenye kutoa njo ana jina, ana mgongo unaouma, ana mume mwenye alimnyanyasa ao binti mwenye hakusoma, ana sababu zake. Kwa vitabu na seri za pikipiki ni kinyume: msafiri ana jina na maisha, mwenye kutoa ni "bibi mmoja mwema" na mkono wenye kushika sahani. Nikiangalia vile nimesoma mambo ya safari tangu nikiwa graduat, sijakumbuka hata jina moja la mtu mwenye alitoa. Hilo si kosa la McGregor peke yake, ni ugonjwa wa aina nzima ya maandishi haya.

Sasa jambo lenye lilinifanya nikalie simu usiku wa ine badala ya kulala.

Mwaka 2019. Ule ule mwaka. Tangu mwezi wa nane, mamia ya Waafrika walikuwa wamepiga mahema inje ya kituo cha wahamiaji cha Tapachula, kule Chiapas, karibu ya mpaka wa Guatemala, wakidai karatasi za kupita. Wacameroon, Waangola, na sisi. Wakongomani walikuwa wengi pale. Mwezi wa kumi kundi kubwa lilitoka kwa miguu kuelekea kaskazini, likarudishwa. Mbele ya hapo, mwezi wa sita, jiji la San Antonio, Texas, lilikuwa limeomba watu wa kujitolea wenye wanajua Kifaransa, ju familia za Kongo zilikuwa zimefika na hakuna mtu wa kuwaelewa. Na kule Portland, jimbo la Maine, walilaza mamia ya watu, wengi wa Kongo na Angola, ndani ya uwanja wa basketi. Hizo ni habari zenye zilitoka kwa magazeti ya dunia. Seri yetu ilipita Chiapas mwishoni mwa mwaka huo.

Mmoja wa promosyo yetu alikuwa kati ya wale wa Tapachula. Sitamtaja. Alikuwa ameruka mpaka Brazil, akapanda Amerika kwa mabasi, na kwa Darién, kati ya Colombia na Panama, penye barabara kubwa ya Amerika inakatika kwa kilometa kama mia moja za pori, alipita kwa miguu. Pikipiki haipiti pale. Wasafiri wa pikipiki wanaipakia kwa ndege ao kwa meli. Yeye alipita na viatu vya plastiki. Zamani alikuwa ananitumia vokali, na nilikuwa ninazisikiliza nusu nusu, ju zilikuwa ndefu na mega zangu zilikuwa chache. Kisha seri nilizitafuta tena, nikakaa nazo.

Katika moja anaeleza mama mmoja wa soko mwenye alikuwa na meza ya matunda na prizi moja. Wahamiaji walikuwa wanalipa kidogo ili kuchaji simu pale, wanakaa saa mbili, tatu, wakingoja. Siku moja yule mama alimkatalia pesa yake. Hakusema sababu, ao alisema na mwenzetu hakusikia Kispanyola. Alimpa na embe yenye pilipili, mwenzetu akafikiri anamtania, kumbe kule njo vile wanakula. Nusu ya vokali ni kicheko juu ya ile embe.

Munaona kwa nini sikulala. Ni jambo lilelile. Mgeni, batri imekwisha, prizi ya mtu, saa za kungoja. Moja ina muziki na picha kutoka juu angani, ingine iko kwa simu yangu yenye kioo kimepasuka. Na ukiniuliza kati ya hizo mbili ni gani inathibitisha kwamba watu wanaweza kuwa wema na mgeni, sina hata dakika ya kufikiri. Yule mama hakuwa na kamera mbele yake. Mwenye aliomba hakuwa na paspoti yenye inafungua milango, na jirani za meza yake pengine walikuwa wamechoka na hawa weusi wenye wamejaza mji. Alitoa hata hivyo. Mwenzetu anasema pia kulikuwa wengine wenye walikuwa wanafunga madirisha wakipita. Vyote viwili viko ndani ya vokali moja, kama kwa Ted Simon.

Kwa hiyo wakati mwenzetu wa ukurasa huu aliandika kwamba seri inafundisha kuhusu wema wa watu wasiojulikana, ningemjibu kwa upole: inafundisha kuhusu wema kwa watu wenye kujulikana. Si kitu kimoja. Na mbele mutaniambia ninawachukia Wazungu, acheni niongeze letu. Mwaka juzi alifika hapa mwendesha baiskeli kutoka Ulaya. Kadutu nzima ilimsindikiza, wamotari walimpa nafasi, mtu alimtengenezea gurudumu bure, mtoto alimbebea kofia. Wiki hiyohiyo familia yenye ilikuwa imekimbia vita ilikuwa inatafuta chumba katika avenue yetu, na bei ya chumba ilipanda mara mbili kati ya asubuhi na jioni. Nilikuwa hapo. Nilipiga picha ya baiskeli.

Nilimtumia mwenzetu kipande cha lile basi, ju nilitaka kujua mtu mwenye alipita kule anaonaje. Sasa anafanya kazi za usiku, anajibu kisha siku mbili. Alisema pikipiki ni nzuri sana na akauliza bei yake. Halafu akauliza kama kwenye basi kulikuwa kumebaki viti. Nilirudi kuangalia, nikarudisha nyuma mara tatu. Picha imekatwa kwa namna huwezi kuhesabu.

Kwa wenye watataka kuiangalia hata hivyo, anzeni na zile za Patagonia, katikati rukeni mukitaka, za mwisho ziangalieni na daftari mkononi. "Llévate mis amores" bado ninaitafuta yenye maandishi ya Kifaransa chini, mwenye iko nayo aniandikie. Na yule kijana wa Nyawera, akiwaomba dola moja kwa kupakia, kataeni. Mimi alinipakilia bure, na hakunijua.